Majina Tuliyowaazima: Barua ya Wazi Kutoka Msambweni

Kwa Mheshimiwa Rais wa Jamhuri ya Kenya,
Kwa Waziri wa Usalama wa Ndani na wakuu wa uhamiaji na usajili wa watu,
Kwa wabunge na magavana wa Kwale na Kilifi,
Na kwa machifu wetu, ambao ndio wa kwanza kubishiwa hodi.

Waheshimiwa,

Mimi ni Mdigo, mzaliwa wa Msambweni, na nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nilipostaafu. Katika kazi yangu niliandika kwenye rejista majina ya watoto ambayo nilijua si yao. Mtoto aliitwa hivi nyumbani na vingine darasani. Babake mzazi alikuwa huyu, na babake wa karatasi alikuwa jirani, kwa kuwa babake mzazi hakutambuliwa kuwa raia. Niliandika huku najua, mwalimu mkuu alijua, na kijiji kizima kilijua. Nawaandikia kwa ajili ya watoto hao, ambao leo ni watu wazima wenye watoto wao, na kwa ajili ya majirani waliowaazima majina.

Nianze na nyumba yetu, maana ndiyo ninayoweza kuiapia.

Jirani yetu wa upande wa mashariki alikuwa Mmakonde, mchongaji. Babake aliletwa kutoka Msumbiji enzi za Mwingereza kukata mkonge, kisha akaingia kwenye miwa ya Ramisi, akaoa, akazaa, akazikwa hapa hapa. Baina ya ua wao na wetu hapakuwa na kitu ila mstari wa mananasi aliyopanda mamangu. Alfajiri nilikuwa nikiamshwa na mambo mawili: adhana, na tezo la jirani likigonga gogo la mpingo. Maranda yalikuwa haki yetu. Mkewe alikuwa akiyazoa kila jioni, akayapitisha juu ya mananasi kwa ungo, na mamangu akawashia jiko.

Mama huyo alikuwa na chale usoni, mistari iliyopandana kutoka mashavuni hadi kwenye paji, kama walivyochanjwa Wamakonde wa zamani. Sisi watoto wa Kidigo hatukuziogopa. Tulikuwa tukipanda mapajani mwake na kuifuata mistari kwa vidole, naye ametulia kama mtu anayesukwa nywele. Wageni kutoka mjini ndio waliokuwa wakimkazia macho. Siku moja mgeni wetu alimcheka. Mamangu hakujibu neno. Alichukua kikombe cha chai kilichokuwa mbele ya mgeni akakirudisha jikoni. Adabu ya ujirani nilianza kuisomea hapo.

Wao walikuwa Wakristo, sisi Waislamu. Kila Krismasi mchongaji alituletea kuku, na kuku huyo alikuja akiwa hai, miguu imefungwa kwa ukili, ili baba amchinje mwenyewe. Walipoozesha binti yao, walimwita baba asubuhi mapema achinje mbuzi wote, hata wale wa kuliwa na jamaa zao, ili pasiwe na sinia ambayo jirani ataiogopa. Ramadhani ilipoingia, sahani ya mamangu, ile nyeupe ya bati yenye ukingo wa buluu, ilivuka mananasi kila magharibi na muhogo wa nazi au tambi. Haikurudi tupu hata siku moja. Ilirudi na korosho za kukaanga, au mayai mawili, na mwaka wa njaa ilirudi na maua ya mkilua yaliyookotwa asubuhi. Mamangu aliyaweka kwenye nywele, akasema ndiyo tunu iliyomfurahisha kuliko zote.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu kwenye hotuba zenu nasikia mara nyingi mkisema wananchi tuishi kwa umoja na amani. Waheshimiwa, kuishi tunaishi. Kilichotushinda ni karatasi.

Kitinda mimba wa mchongaji na mdogo wangu wa mwisho wamepishana miezi mitano. Walikua pamoja, wakatahiriwa msimu mmoja, wakakaa dawati moja. Walipofika darasa la nane, mimi nikiwa mwalimu wao wa darasa, kilihitajika cheti cha kuzaliwa ili mtoto asajiliwe mtihani. Cheti kilitaka kipande cha baba, yaani kitambulisho chake cha taifa. Mchongaji hakuwa na kipande. Alichokuwa nacho ni karatasi ya kampuni ya sukari, imekunjwa mpaka imechanika, yenye namba ya babake ya kazi. Mwingereza aliwavisha wafanyakazi Waafrika kipande shingoni siku alizowahitaji shambani; Kenya huru ikaja na kipande chake, na watu hawa wakaambiwa si wa hapa. Kiwanda cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, hata ile namba ya kazi ikawa haina wa kuisoma.

Jioni ile baba alivuka mananasi. Aliketi kwenye gogo ambalo lilikuwa bado halijaguswa na tezo, akasema, "Mwandike kwangu." Hakuongeza neno. Mchongaji alinyamaza kitambo, kisha akamwita kijana.

"Njoo umwamkie babako."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kesho vaa shati safi, twende kwa chifu."

Basi kijana akapata cheti kwa jina la Kiislamu, naye alikuwa amebatizwa, na ukoo wa Kidigo, naye ni Mmakonde. Asubuhi iliyofuata nililiandika jina hilo kwenye rejista kwa mkono wangu. Mamake alikaa siku tatu bila kuja kwetu. Siku ya nne alikuja na sahani ya korosho, akaketi na mamangu kama kawaida. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba siku zile tatu alikuwa akimlilia baba mkwe wake, kwa sababu jina lake lilikuwa limekufa kwenye karatasi. Hakumlaumu mtu. Aliongeza kwamba kama baba yangu asingevuka, mtoto angeishia kuchunga ng'ombe wa watu.

Waheshimiwa, hili halikutokea kwetu tu. Nimelisajili darasani mara nyingi kiasi kwamba naona aibu kutaja hesabu, na si aibu ya wazazi. Yupo aliyeazima jina la mjomba wa kufikirika, yupo aliyeazima la mwajiri wa mamake. Kuna msichana aliyefaulu vizuri akaacha shule, kwa sababu jirani aliyeahidi kumwandika alifariki wiki mbili kabla ya usajili kufungwa. Sasa anauza mahamri kando ya barabara ya Lunga Lunga, na kila nikipita ananiita "mwalimu" kwa heshima ileile ya darasani.

Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walifunga safari, wakaanza kwa miguu, kwenda Ikulu ya Nairobi kudai uraia. Mchongaji alikuwa mzee na hakuweza kwenda. Aliwachongea vijana fimbo. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea na kutoa amri wapewe vitambulisho, na Februari 2017 vikatolewa hapa Kwale. Wamakonde wakawa kabila la 43 la Kenya. Siku mchongaji aliporudi na kipande chake, hakukiweka mfukoni. Alikishika mkononi njia nzima, mpaka kwetu, akampa baba akisome kwa sauti. Baba alikisoma mara mbili. Ilikuwa miezi sita kabla ya uchaguzi mkuu, na wapo waliosema zilikuwa mbinu za kura. Mimi sikuwa na nafasi ya kuwaza hivyo. Niliwaona wazee wawili wamekaa kwenye gogo, mmoja akimsomea mwenzake jina lake.

Lakini kitinda mimba wake hakuingia kwenye foleni ile. Angeingiaje? Alikuwa na kipande tangu alipotimiza miaka 18, cha Mdigo, mwana wa babangu, na alama zake za vidole zilikuwa tayari serikalini. Neema iliyowafikia Wamakonde wote ilimpita yeye kwa sababu aliwahi kusaidiwa. Na kama yeye wapo wengi: ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja kabila la 43, mwingine Mdigo, dada Mmakonde, kaka Mduruma.

Baba alipofariki, Wamakonde ndio walioshika majembe kaburini pamoja na vijana wetu, na mama wa chale alilala kwenye hanga letu, yaani matanga, siku zote saba. Ulipofika wakati wa mirathi, kijana alisimama mbele ya wazee kabla hajaulizwa. Akasema, "Mimi nilipewa jina, na jina limenisomesha. Sina langu hapa." Wazee walimshukuru, na kaka yangu mkubwa akampa baiskeli ya marehemu, si kama urithi, kama zawadi. Mambo yaliisha kwa kikao kimoja, kabla ya adhuhuri. Watu wa dini mbili na makabila mawili walijua nani ni mwana wa nani, nani anarithi nini, na hapakuhitajika mhuri.

Kisha mchongaji naye akafariki. Alikuwa ameishi na kipande chake miaka michache, akafungua akaunti kwa mara ya kwanza maishani, akaweka fedha za vinyago. Si nyingi. Kijana alikwenda kuzifuatilia kwa niaba ya mamake, ambaye sasa haoni vizuri. Akaambiwa athibitishe kwamba marehemu ni babake. Cheti kilisema babake ni mtu mwingine. Mdogo wangu alimsindikiza kwenye ofisi moja ya serikali ili awe shahidi, akabeba na cheti chake mwenyewe. Ofisa aliviweka vyeti viwili kando kwa kando, akauliza ni mama gani huyo aliyezaa mara mbili ndani ya miezi mitano. Kisha akamwambia kijana kwamba akiendelea na jambo hilo anaweza kushtakiwa kwa kughushi hati, na mdogo wangu kwa kusaidia. Walirudi nyumbani bila kusemezana. Fedha zipo mpaka leo, na mama wa chale hununuliwa dawa kwa mchango wa majirani.

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Baba yangu hakughushi. Aliziba pengo ambalo serikali ililiacha wazi zaidi ya miaka 50, na hakulipwa hata shilingi kwa kuliziba. Ikiwa lipo kosa, mimi mwalimu niliyeandika nilikuwa nalo pia. Niiteni mimi kwanza.

Naomba niwatoe Msambweni kidogo, niwapeleke baharini.

Shemeji yangu ni mvuvi, na kwenye bandari yao wapo Wapemba ambao babu zao walikuja na majahazi kabla ya uhuru. Walikuja kutoka wapi? Kisiwa cha Pemba kiko kama kilomita 50 kutoka pwani yetu ya kusini. Mpaka Desemba 12, 1963, ukanda wa pwani wa maili kumi, kuanzia Vanga kwenda juu, ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akiutawala kwa niaba yake. Mpemba aliyetia nanga Shimoni alikuwa ametoka kwenye milki ya Sultani akaingia kwenye milki ya Sultani. Mwezi mmoja kamili baada ya uhuru wetu, Januari 12, 1964, Mapinduzi yakatokea Zanzibar, na wengine wakavuka wakikimbia. Mpaka uliwakuta wakiwa upande huu, wameshaoa kwetu na kuzika kwetu.

Mpemba bila kipande alikuwa hapati leseni ya uvuvi. Alikuwa hawezi kusajili laini ya simu, wala kupokea fedha kwa M-Pesa. Shemeji yangu alikuwa na laini tatu kwa jina lake. Mbili zilikuwa mikononi mwa mabaharia wa Kipemba. Fedha za samaki zikiingia kwa jina lake, yeye hazigusi. Nilimuuliza kama haogopi, maana laini ikitumika vibaya atakamatwa yeye. Akanijibu, "Mtu ananivusha mlango wa bahari usiku, pepo za kusi zinavuma, nakabidhi roho yangu kwake. Nimnyime laini?"

Sisemi kwamba wanapendana siku zote. Wapemba ni mafundi wa nyavu za kuzingira, na wavuvi wetu wa madema na mishipi wamelalamika kwamba nyavu hizo zinabeba kila kitu na kuvuruga miamba. Ugomvi huo ni wa kweli, na sina shaka wenyeji wana haki kwa sehemu kubwa. Mwaka mmoja ulichemka mpaka mikuki ya pweza ikainuliwa. Kijana mmoja, kwa hasira, akapaza sauti kwamba dawa yao ni kuwaita watu wa uhamiaji, wabebwe wote asubuhi. Bandari ikanyamaza. Simu moja ingetosha, na kila mtu alilijua hilo. Mzee wa bandari, Mdigo ambaye madema yake ndiyo yaliyokuwa yamechanwa, akasema, "Ugomvi wa nyavu tutaumaliza kwa nyavu. Kipande cha mtu msikiguse." Wakakaa siku mbili. Wakakubaliana nyavu za kuzingira zitupwe nje ya miamba, kwenye maji makuu, na atakayekiuka alipe. Makubaliano hayo yamevunjwa na kutengenezwa tena mara kadhaa, kama yalivyo makubaliano ya wavuvi popote. Lakini simu ile haikupigwa.

Mwaka 2023 serikali iliwatambua Wapemba kuwa jamii ya Kenya, na Julai mwaka huo Rais akawakabidhi hati kule Kilifi, jamii inayokadiriwa kuwa na watu 7,000. Nawapongeza kwa moyo wote. Mlifanya jambo jema, kama lilivyofanywa kwa Washona waliokuja kutoka Zimbabwe kuhubiri miaka ya 1960, ambao serikali ilitangaza kuwatambua Desemba 2020 pamoja na watu wenye asili ya Rwanda. Shemeji yangu amebaki na laini moja. Alizikabidhi zile mbili kwa wenyewe, wakazisajili upya, na mmoja wao akachinja mbuzi.

Lakini tazameni namna tunavyokwenda, jamii moja moja, kwa maandamano na kwa huruma ya aliyepo Ikulu. Wapo wajukuu wa Warundi walioletwa kwenye mashamba ya mkonge, bado wanaishi kwa majina ya kuazima. Wapo Galjeel, jamii ya Kisomali ya Tana River, walionyang'anywa vitambulisho katika msako wa mwaka 1989. Hawa nao wangoje rais yupi, na uchaguzi upi?

Sheria ilikuwapo. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 kilisema kwamba mtu asiye na nchi, aliyeishi Kenya mfululizo tangu Desemba 12, 1963, anaweza kusajiliwa kuwa raia. Miongoni mwa masharti yake ni kujua Kiswahili au lugha ya wenyeji wa hapa. Nilipolisoma sharti hilo nilimkumbuka mama wa chale, ambaye alitufundisha sisi vitendawili vya Kidigo vilivyokuwa vimeanza kutupotea. Lakini sheria ikatoa muda wa miaka mitano tu, ukaongezwa mitatu, na Agosti 2019 mlango ukafungwa. Kijijini watu wengi hawakujua hata kwamba ulikuwa umefunguliwa. Mimi mwenyewe, mwalimu, ninayesoma magazeti, nilikuja kujua baadaye.

Waheshimiwa wabunge, ombi langu kwenu ni huo mlango. Ufungueni tena, na safari hii msiuwekee tarehe ya kufungwa. Asiye na nchi haachi kuwapo kwa sababu kalenda imefika mwisho.

Mheshimiwa Waziri, kwako naomba mambo mawili. Toa tamko la maandishi, lisomwe na kila ofisa wa usajili kuanzia Lunga Lunga hadi Lamu, kwamba mtu aliyetumia jina la jirani ili asome au atibiwe, akija mwenyewe kulisahihisha, hatashtakiwa, wala aliyemuazima hatashtakiwa. Bila tamko hilo hawatakuja. Wataendelea kuwarithisha wanao majina ya watu wengine, na miaka 30 ijayo mahakama zetu zitajaa kesi za mashamba ambazo hakuna jaji atakayezifumbua, kwa sababu waliojua ukweli watakuwa wamelala makaburini. Wazee wetu wanaondoka. Kila hanga ninalohudhuria, shahidi mmoja amepotea.

La pili ni hao mashahidi. Upeni ushahidi wa majirani uzito wake. Najua jibu lenu: usalama, mpaka mrefu, watu wabaya wanaoweza kununua barua. Nimeishi karibu na mpaka huu maisha yangu yote, na hofu hiyo naielewa, kwa kuwa sisi ndio tunaoumia kwanza. Lakini fikirini ni kipi kilicho rahisi kununuliwa: mhuri mmoja mezani, au wazee saba barazani, mchana, mbele ya watu 200 wanaoweza kusimama na kusema "huyo mwongo"? Jirani anajua kitovu cha mtu kilizikwa chini ya mnazi upi. Anajua aliyemkunga mamake, aliyempa jina, aliyemfundisha kuogelea. Leteni ofisa na mashine ya alama za vidole kwenye baraza ya chifu, siku ya soko, na mtupe siku tatu. Hati ya kiapo isitozwe fedha, maana nauli tu ya kwenda Kwale na kurudi ni chakula cha siku mbili kwa mtu wa kibarua.

Magavana wetu, nanyi msiseme usajili ni kazi ya Nairobi. Mtoto asiye na cheti yuko kwenye chekechea zenu, na mama asiye na kipande yuko kwenye foleni ya zahanati zenu. Tangu Oktoba 2024 tuko kwenye bima mpya ya afya, SHA, na anayetaka kujisajili huulizwa kipande kwanza. Agizeni kaunti ziwaandike watu hawa, wapi wanaishi na tangu lini, ili mlango ukifunguliwa orodha iwe tayari.

Na kwa wote mtakaosimama majukwaani kuelekea 2027: mtakuja Msambweni, mtakuja Vanga, mtakuja Mayungu. Msije mkatuambia nani ni mgeni. Neno "wa kuja" nimelisikia kwenye mikutano ya kisiasa tangu nikiwa msichana, na nilikuwa hapa Agosti 1997, Likoni ilipochomwa moto na watu wa bara kufukuzwa kwa karatasi za kutisha zilizotupwa usiku. Wapo walimu wenzangu kutoka bara waliolala nyumbani kwetu, wengine kwa mchongaji, chini ya vitanda, kati ya vinyago. Yeye asiye na kipande aliwaficha wenye vipande. Alipoulizwa na vijana waliokuja na mapanga nani yumo ndani, alisema, "Wanangu." Hakuwa amedanganya kwa mila zake wala kwa zetu.

Mama wa chale bado yu hai. Asubuhi hutolewa nje, akaketi kwenye lile gogo, ambalo mumewe hakuwahi kulichonga tangu jioni ile baba alipolikalia. Ramadhani iliyopita mjukuu wa mamangu alimpelekea futari kwa ile ile sahani ya bati, sasa imebanduka rangi pembeni. Ilirudi na korosho.

Mimi, mdogo wangu na wazee sita wa mtaa tuko tayari kula kiapo siku yoyote mtakayoitaja. Kijana ana faili lake: cheti cha jina la kuazima, cheti cha ubatizo chenye jina lake, na ile karatasi ya Ramisi ya babu yake, ambayo tumeitia kwenye plastiki isiendelee kuchanika. Anachokitaka ni kuandikwa mwana wa babake wakati mamake angali anaweza kuisikia ikisomwa. Mtumeni ofisa. Akifika Msambweni aulize nyumba ya mwalimu mwenye mananasi, ataonyeshwa.

Wenu katika kazi ya nchi,

Mwalimu mstaafu,
Msambweni, Kaunti ya Kwale